Shomoro wa Paa la Bi Gamgok

Mama mkwe wangu alizaliwa Gamgok, kijiji cha ng'ambo ya kilima, na tangu siku aliyoolewa kwetu hakuna aliyemwita kwa jina jingine: Bi Gamgok. Jina alilopewa na wazazi wake nililisikia kwa mara ya kwanza daktari alipolisoma kwenye karatasi, nami nikageuka kutazama anaitwa nani.

Alikuwa mwanamke wa kubeba gunia la shayiri kichwani huku akigombana na mtu aliye shamba la tatu, na ugomvi huo akaushinda kabla hajalitua gunia. Mwaka 1972, mwezi wa saba, mvua ikiwa imenyesha siku ya nne mfululizo, alianguka jikoni upawa ukiwa mkononi. Mdomo ulienda upande. Nilipiga kelele, na wa kwanza kufika alikuwa Deok-sam, mwenyekiti wa kijiji, aliyekua pamoja na mume wangu. Alimbeba mama mgongoni hadi mtoni. Mto ulikuwa umevimba, rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo. Deok-sam aliingia mpaka kifuani, akarudi. Akaingia tena, akarudi. Daktari alikuwa ng'ambo, mwendo wa nusu saa tu.

Siku ya tatu maji yaliposhuka ndipo alipomvusha. Daktari akasema, "Mngemleta siku ile ile, labda."

Hiyo labda nimeishi nayo.

Upande wa kulia wote ulikufa. Maneno yalimbakia machache, nayo yalitoka yamevunjikavunjika, mimi peke yangu ndiye niliyeyaelewa. Baada ya mavuno mume wangu, Tae-sik, alikwenda machimbo ya makaa ya mawe huko mashariki, maana shamba letu halikutosha hata kwa watu wazima watatu. Nikabaki na mama. Mimi naitwa Mal-rye. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, na sikuwa na mtoto.

Sasa, hao shomoro.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, paa la mabua ya mpunga. Kila mwaka baada ya mavuno tuliezeka mabua mapya juu ya yale ya zamani bila kuezua, hivyo paa likawa nene, mwaka juu ya mwaka, kama godoro. Kwenye ukingo wake, juu kidogo ya mlango wa chumba alicholala mama, shomoro walikuwa wametoboa mashimo yao. Sikuwahi kuwajali. Kwangu mimi shomoro alikuwa mwizi wa mpunga, basi. Mama ndiye aliyenifundisha, kwa mkono mmoja wa kushoto na maneno yasiyozidi kumi.

Katika mwezi wa nne wa mwaka uliofuata dume alikaa mdomoni mwa shimo akipiga kelele tangu alfajiri, shimo ni langu, shimo ni langu. Kisha wakaanza kubeba: nyasi kavu, nyuzi, manyoya ya mbwa wa jirani. Mara nyingine mmoja aliiba nyasi kwenye shimo la mwenzake, ukazuka ugomvi wa kuangushana mpaka kwenye ngazi ya mawe, na mama akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. "Ba-do," aliniambia. Nilimwelewa: bado. Siku walipoanza kuingiza manyoya ya kuku alinyanyua kidole. Manyoya ya kuku yakiingia, mayai yako karibu.

Halafu kimya. Mmoja analalia, mwingine anakuja kumpokea. Siku kumi na mbili. Asubuhi ya kumi na tatu mama alinishika mkono wakati namfuta uso, akanifanya nisikilize. Sikusikia kitu. Nikainamisha sikio karibu na mlango wetu, uliokuwa wa fremu ya mbao iliyobandikwa karatasi. Kulikuwa na sauti nyembamba, kama mtu anakwaruza karatasi kwa ukucha.

"Wa-me-fika," alisema.

Tangu siku hiyo alikula vizuri. Wazazi wa makinda walianza kuleta viwavi mara tu kulipopambazuka, na makinda walipolia, naye alifungua kinywa. Nilimlisha uji wa mchele kijiko baada ya kijiko, nao kule juu wanalishwa. Nikamwambia, "Mama, leo mko sita mnaonililia njaa." Alicheka mpaka uji ukamtoka puani.

Usidhani ilikuwa raha tupu. Ndani ya paa lile lile aliishi nyoka, mrefu kama mpini wa jembe mara mbili, mweusi mwenye madoa. Mwaka huo alikula kiota kizima upande wa jikoni. Niliuona mkia wake ukiingia shimoni, shomoro wanazunguka juu wanapiga yowe, nikachukua ufagio. Mama alipiga sakafu kwa kiganja: hapana! Alikuwa wa mila za zamani. Nyoka wa paani ndiye mlinzi wa nyumba. Akiondoka, nyumba inafilisika.

"Anawamaliza ndege wako," nilimwambia.

"Na-ye," akasema, akameza mate, akajaribu tena. "Naye ni wa ha-pa."

Basi nikarudisha ufagio.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa inaezuliwa. Paa za mabua, tuliambiwa na serikali, ni aibu na ni umaskini. Kila kijiji kivae mabati ya saruji, yale ya kijivu yenye mawimbi. Deok-sam alikuwa amefungiwa kipaza sauti juu ya nguzo mbele ya ghala la kijiji, na kila asubuhi kijiji kizima kilimsikia akikohoa kwanza, halafu akitaja nani kaezeka na nani bado. Mwanzoni mwa mwezi wa tano zilibaki nyumba tatu. Yetu ilikuwa moja, na ilitazama barabara.

Alikuja mwenyewe tarehe kumi na mbili, akaketi kwenye baraza, akavua kofia.

"Shemeji, mabati yako yameshafika. Yanalala pale ghalani kama maiti asiye na ndugu."

"Kaka, nipe siku ishirini."

"Ishirini za nini?"

"Kuna makinda paani."

Alinitazama. "Makinda ya nini?"

"Ya shomoro."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Ehe! Kwa hiyo nikifika wilayani, Bwana Mkubwa akiniuliza, wewe Deok-sam, mbona kijiji chako hakijakamilika, nimjibu tunangoja shomoro walee?"

"Mwambie Bi Gamgok ni mgonjwa."

"Anajua kwamba ni mgonjwa. Mimi ndiye niliyemwambia." Kicheko kilimkauka. "Shemeji, unafikiri hili daraja ninalotaka tujenge mtoni nalitafutia sifa? Mto ule mimi sijausahau. Mama alikuwa anakoroma hapa, sikioni mwangu, maji yamenifika hapa. Nikarudi. Mara mbili nikarudi."

Alinieleza polepole, kama anayeomba radhi. Ofisa wa wilaya angekuja tarehe moja mwezi wa sita kukagua. Kijiji kisicho na paa la mabua kitapewa saruji na nondo za awamu ya pili, na kwa saruji hiyo tutajenga daraja kabla ya mafuriko. Kikikutwa na hata paa moja la mabua, vinapelekwa kijiji cha jirani.

"Kwao hakuna hata mto," alisema. "Watajengea choo."

Shomoro mmoja alikuwa ametua kwenye mforosadi wa uani, kiwavi cha kijani kimening'inia mdomoni, anangoja tuondoke. Deok-sam alimwona. Akavaa kofia yake.

"Nitaiweka nyumba yako ya mwisho. Nimeshasema."

Nilihesabu. Makinda wa juu ya mlango walikuwa wametotolewa tarehe kumi na moja. Siku kumi na nne, kumi na tano, wanaruka. Kufikia tarehe ishirini na nane shimo litakuwa tupu. Nilimwambia mama, naye akafumba macho na kuyafumbua, maana yake imetosha.

Hata hivyo nilimwandikia Tae-sik, labda angezungumza na rafiki yake. Jibu lilifika ndani ya wiki. "Fanya anavyosema Deok-sam. Mimi huku chini sioni hata jua, sembuse shomoro. Mwambie mama mwanao anakula vizuri." Nilimsomea mama sentensi ya mwisho tu.

Tarehe kumi na tisa, kipaza sauti hakikukohoa. Kilianza kusema moja kwa moja, na sauti ya Deok-sam ilikuwa ya haraka. Ofisa hangoji mwezi wa sita. Anakuja kesho kutwa, tarehe ishirini na moja. Nyumba tatu zote zitaezekwa kesho. Kila nyumba itoe mtu.

Nilikimbia mpaka ghalani na mikono yangu ina unga.

"Kaka, ulisema ya mwisho!"

"Ndiyo ya mwisho, shemeji. Itakuwa ya tatu kati ya tatu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Wamenipigia simu asubuhi. Nimesema hatuko tayari. Wamesema sawa, basi tutaanza na kijiji cha jirani. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

"Siku sita tu zimebaki."

"Ungesemaje?" aliniuliza tena. Hakuwa ananikejeli, alitaka kweli kujua. Nikasimama pale, unga unakauka vidoleni, nikageuka nikarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata, makundi mengine yakiwa yameshaanza kwenye nyumba mbili za kwanza, walikuja kwetu wanaume kumi na mmoja na ngazi mbili, na wanawake wa kuwapikia. Mama Pan-suk, jirani yangu, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu cha kukatia kabichi, alinikuta juu ya ngazi na kapu la mabua mkononi.

"Wee Mal-rye! Wenzako wanakata vitunguu, wewe umekuwa mkunga wa ndege?"

"Nishikie ngazi, dada."

"Ukianguka ukavunja kiuno, huyo mgonjwa nani atamgeuza? Shomoro?" Lakini aliishika, na miguu yake yote miwili akaikita chini.

Nilitia mkono katika shimo la juu ya mlango. Kulikuwa na joto ndani kama kwapani. Kiota kilitoka kizima, bakuli la manyoya, na makinda watano wamebanana, wamefungua midomo ya njano wakidhani mimi ni mama yao. Hawakuwa na manyoya bado, miiba tu ya bluu iliyochomoza mgongoni. Kwenye pembe nilitoa kiota kingine, chenye mayai manne. Viota vilivyobaki upande wa jikoni sikuviwahi: wanaume walikuwa wameshaanza kuvuta mabua, na makinda wakubwa wa huko waliporomoka, wawili wakaruka kwa kuyumba mpaka kwenye mforosadi, mmoja akaangukia chungu cha soya na mbwa akamwahi.

Mama ilibidi atolewe. Vumbi la mabua ya miaka arobaini lingemuua. Nilikuwa nimemweleza tangu jana, kwa sauti ya kubembeleza. Deok-sam alivua viatu, akaingia, akachuchumaa mbele yake na kumpa mgongo.

"Mama, panda. Kwa Mama Pan-suk hapo tu, saa chache."

Tulimnyanyua tukamweka mgongoni. Hakupinga. Walipofika mlangoni, mkono wake wa kushoto ulinyooka ukashika mwimo.

"Mama, achia," Deok-sam alisema.

Hakuachia. Wanaume waliokuwa juu ya paa walisimama wakatazama chini. Deok-sam alisogea mbele kidogo, na mkono ukavutika, na bado haukuachia. Nilisikia kiungo cha bega kikilia.

"Mama Pan-suk, msaidie," mtu mmoja alisema.

"Simgusi mimi," alijibu Mama Pan-suk. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema maneno mawili tu.

Basi ni mimi. Nilivifungua vidole vyake, kimoja baada ya kingine, kuanzia kidole cha mwisho. Vilikuwa na nguvu ajabu. Kila nilipofungua kimoja, kile cha nyuma kilijaribu kurudi. Wakati wote huo alikuwa ananitazama, na machoni mwake hamkuwa na hasira hata kidogo. Kama angenitukana ningeweza kulala miaka iliyofuata.

Karibu na adhuhuri, walipofika kwenye mabua ya chini kabisa, yaliyooza yakawa meusi kama tumbaku, nyoka alitoka. Alishuka ukutani taratibu, kama mtu mzima anayeshuka ngazi. Kijana mmoja aliinua uma wa nyasi. "Huyo ni supu!"

"Shusha," Deok-sam alimwambia.

Kila siku kwenye kipaza sauti alikuwa akitukemea kuhusu ushirikina, lakini alivua kofia. Mama Pan-suk alifumbata viganja akanong'ona, "Rudi, bwana, rudi ndani." Ndani hakukuwepo tena. Nyoka alipita katikati yetu, akavuka ua, akapenya kwenye ukuta wa mawe, akaelekea mashamba ya mpunga. Hatukumwona tena.

Kufikia saa kumi paa la saruji lilikuwa limekaa. Sitasema uongo, lilikuwa safi, limenyooka, nyumba ilionekana imenyolewa. Nilifunga kapu la makinda kwa kamba chini ya ukingo mpya, mahali pale pale, kipimo kile kile kutoka mlangoni. Nikarudi nyuma nikangoja.

Walikuja wote wawili, dume na jike. Viwavi mdomoni. Waliruka moja kwa moja mpaka mahali lilipokuwa shimo, na shimo halikuwepo, wakabaki wanapapatika hewani mbele ya saruji, wakateleza, wakarudi kwenye mforosadi. Wakaja tena. Kapu lilikuwa chini yao urefu wa mkono mmoja. Makinda walikuwa wanalia ndani yake, mimi niliyesimama uani nawasikia. Wale wazazi walikuwa wanawatafuta ndani ya saruji.

Nilinyoosha kidole. Nilisema kwa sauti, kama mwendawazimu, "Hapo chini! Hapo, hapo!"

Mama alirudishwa jioni. Chumba kilinuka chokaa. Nilimlaza, nikamfunika, nikazungumza mengi: jinsi paa lilivyo imara, jinsi ambavyo hatutakata mabua tena vuli hii.

"Wa-ko wapi?" aliuliza.

"Wameruka, mama. Walipoona watu, wakaruka."

Kisha akatoa mkono chini ya shuka, akaufungua vidole vitano, akaukunja, akafungua vinne. Tisa. Siku tisa. Kinda wa siku tisa haruki. Alivishusha vidole, akageuza uso ukutani, na nilijua kwamba hatanilaumu kwa ule uongo kama vile hakunilaumu kwa mlango.

Asubuhi niliwakuta wawili wamekufa kwa baridi. Mayai ya kile kiota cha pembeni yalikuwa baridi kama mawe. Watatu waliobaki niliwalisha viwavi kwa kijiti, na uji wa mawele, na siku ile ile, sijui kwa sababu gani, jike alitua ukingoni mwa kapu. Aliingiza kichwa. Akatoka, akaenda, akarudi na kiwavi. Nilikaa chini pale pale mlangoni pa jiko nikalia kwa furaha, nikaenda kumwambia mama, na safari hii ulikuwa ukweli. Aligeukia dari, akasikiliza.

Ofisa alikuja siku hiyo, gari likasimama kwenye barabara, tukapanga mstari tukapiga makofi. Alikuwa mtu mpole, mwenye mafua. Alipita mbele ya nyumba yetu akasema, "Safi sana." Saruji tulipewa. Hilo nalo lazima lisemwe.

Alasiri ikanyesha mvua. Kwenye mabua mvua haina sauti, inaingia tu kama maji kwenye mchanga. Kwenye saruji ilikuwa kama mtu anamwaga maharage yasiyokwisha. Mama aliweka kiganja sikioni. Nami sikuwa nimewaza kwamba saruji hainywi maji: yote yalikimbilia ukingoni, yakashuka moja kwa moja ndani ya kapu. Nilitoka mbio, nikateleza kwenye ngazi, nikapanda tena. Wawili walikuwa wanaelea juu ya manyoya yao. Wa mwisho alikuwa hai. Nilimkausha kifuani mwangu, nikamhifadhi jikoni kwenye bakuli, na siku tatu alikula. Siku ya nne nilimtoa aote jua. Aliruka kutoka kiganjani mwangu, akafika kwenye tawi la chini la mforosadi, akakaa. Niliingia ndani kumwita mama, yaani kumwambia tu, maana asingeweza kuja. Nilipotoka, tawi lilikuwa tupu. Paka wa jirani alikuwa amelala juu ya ukuta. Huenda alikuwa amelala tangu mwanzo. Sijui, na sitajua.

Kiangazi hicho chumba cha mama kilikuwa tanuri. Mabua hutunza ubaridi, saruji hutunza jua. Nilimpepea, nikamwaga maji sakafuni. Alikula kidogo sana, na alipoteza hesabu ya saa. "Ku-me-kucha?" aliniuliza adhuhuri. "Ku-me-kucha?" aliniuliza wakati natwanga unga wa chakula cha jioni. Nilitoboa kibuyu nikakitundika juu ya mlango, nikitumaini shomoro watakipenda.

"Umewajengea hoteli," alisema Mama Pan-suk, "hawana nauli ya kufika." Kesho yake alileta manyoya ya kuku kwenye sahani, akayaweka barazani, akaondoka. Niliyatia kibuyuni. Hawakuja. Nilisikia wamehamia ghala la mabua la kijiji cha jirani, kile kisicho na mto, ambacho kilikuwa bado hakijaezuliwa.

Daraja lilikamilika mwishoni mwa mwezi wa nane. Sisi wanawake tulibeba changarawe kichwani, nami pia, kila siku baada ya kumlisha mama. Mwezi wa tisa mto ulifurika, na mke wa Deok-sam, aliyekuwa na uchungu siku mbili, alivushwa juu ya daraja kwa gari la kukokotwa na ng'ombe, akajifungua salama hospitalini. Mtoto wa kike. Nilikwenda kumpongeza na supu ya mwani, chakula cha mzazi kwetu, na furaha yangu ilikuwa ya kweli.

Mwezi wa kumi mama alianguka tena, kama mtu aliyelala anaweza kuanguka. Pumzi ilibadilika. Nilimtuma Mama Pan-suk aende kwa Deok-sam kumpigia daktari simu, na daktari alifika kwa pikipiki kabla maji niliyoteleka hayajachemka. Alimmulika machoni, akamgonga magotini, akakunja vifaa vyake.

"Tungojee tu," alisema.

"Tumewahi, daktari. Umefika mapema."

"Mmewahi sana," alisema. "Hakuna kilichochelewa." Alikunywa chai niliyompa, maana alikuwa mtu wa adabu, akavuka daraja kurudi.

Alikufa siku ya tatu, mchana, nikiwa nimemshika mkono ule wa kushoto. Haukunishika.

Tae-sik alifika kwa treni, kucha zake nyeusi kwa makaa, akalia barazani kama desturi inavyotaka na zaidi ya inavyotaka. Watu walikuja, tukawapakulia supu ya nyama yenye pilipili. Deok-sam alikuwa amebeba jeneza upande wa mbele, na baada ya maziko, wengine walipokwisha kutawanyika, alikaa peke yake kwenye baraza, kofia gotini, chini ya lile paa la kijivu. Nilimletea bakuli. Hakuligusa.

"Shemeji," alisema, "niambie kama nilikosea."

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nilimkumbuka mke wake na kichanga, nikataka kumwambia hapana. Nikavitazama vidole vyangu mimi mwenyewe. Yeye aliendelea kuningoja, ameinua uso, mtu wa miaka arobaini anayetaka mtu yeyote amhukumu.

"Kula, kaka," nikamwambia. "Supu inapoa."